Una hakika? Huduma ya simu iliyozaliwa Tana Delta kupambana na uvumi

Ukimwuliza kijana wa Garsen anayependa mambo ya teknolojia akutajie ubunifu wa Kenya, atakutajia M-Pesa ya 2007, kisha Ushahidi ya 2008, na pengine iHub ya Nairobi iliyofunguliwa 2010. Ni sawa. Lakini ni wachache niliowasikia wakitaja kitu kilichojaribiwa hapa hapa nyumbani, katika vijiji vya kati ya Minjila na Kipini, na ambacho wazo lake baadaye lilisafiri hadi Kongo na Uganda. Kinaitwa Una Hakika. Watu wazima wa Tana Delta wanalikumbuka jina hilo. Watoto waliokuwa darasa la kwanza wakati ule sasa wana simu zao wenyewe na hawajui lilitoka wapi. Nimeona niliweke kwenye maandishi, pamoja na jinsi lilivyofanya kazi, kwa sababu kila msimu wa mvua na kila mwaka wa uchaguzi tunarudi pale pale tulipokuwa.

Lilitoka kwenye damu

Tarehe 22 Agosti 2012 kijiji cha Riketa kilivamiwa alfajiri. Zaidi ya watu 50 waliuawa, wengi wao wanawake na watoto. Tarehe 10 Septemba ikawa zamu ya Kilelengwani, ambako waliokufa walikuwa 38, wakiwemo maafisa 9 wa polisi. Tarehe 21 Desemba ikawa Kipao. Mauaji yaliendelea hadi Januari 2013, na hesabu ya jumla ilipita watu 150. Nyumba zilichomwa, mifugo ilikatwakatwa, misikiti na shule zikajaa watu waliokimbia makwao. Serikali iliweka kafyu, ikaleta askari, ikaunda tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Grace Nzioka.

Sitaandika hapa nani alianza. Kila nyumba ina jibu lake, na majibu hayo hayajawahi kumrudisha mtu kaburini. Lakini jambo moja lisemwe wazi kabla ya kuzungumzia simu: uvumi haukuleta vita vile peke yake. Mkulima Mpokomo analima kingo za mto, mahali maji yanapopanda na kushuka na kuacha udongo mzuri. Mfugaji Muorma au Muwardei anahitaji njia ya kufika kwenye mto huo huo wakati wa kiangazi, na njia hizo, malka, zinazibwa na mashamba mwaka hadi mwaka. Ardhi nyingi haina hati. Katika miaka iliyotangulia fujo zile palikuwa na mipango mikubwa ya miwa na ya mimea ya mafuta kwenye ardhi ya delta, kila mtu akawa anahesabu atabaki na nini. Mapigano ya 2001 yalikuwa yameshatuonyesha nyasi hizo ni kavu kiasi gani. Uvumi ulikuwa kiberiti. Anayewaambia watu kwamba ujumbe wa simu ndio uliowaua watu wa Tana anakwepa suala la ardhi.

Hata hivyo, kiberiti nacho kina kazi yake. Kilichotokea baada ya Riketa kila mtu aliyekuwepo anakijua. Jioni moja habari inaingia kijijini kwamba vijana wa upande wa pili wameonekana wakikusanyika. Wameonekana na nani? Haijulikani. Wapi? "Huko nyuma." Lakini usiku ule wanaume hawalali, wanawake wanavushwa mto na watoto, na vijana wa kijiji hiki nao wanakusanyika kujilinda. Mtu wa upande wa pili anawaona hawa wanaokusanyika, anapiga simu kwao. Sasa habari ya kule ni kweli: kweli kuna vijana wamekusanyika. Hofu ya kushambuliwa inatengeneza lile lile linaloogopwa, na kabla ya alfajiri pande zote mbili zina sababu.

Wahenga walituachia methali isemayo lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nimeisikia mara nyingi ikitumiwa kama ushahidi. Ukiitafakari kwa mambo ya Tana, nusu yake ya pili ni onyo la kutisha: jambo ambalo halipo linaweza kuja kwa sababu tu limesemwa.

Kwa nini hapa

Delta yetu ilikuwa, na kwa kiasi fulani bado ni, mahali pagumu kwa habari. Vijiji viko mbali mbali na mto ukijaa vinageuka visiwa. Mtandao wa simu ulikuwa unashika ukisimama juu ya kichuguu au chini ya mwembe fulani. Simu ilipelekwa kuchajiwa Garsen au Minjila na kurudi kesho. Redio zilizosikika zilitangaza kutoka Mombasa na Nairobi, na jambo la Chara au Ozi mpaka lifike kwenye taarifa ya habari lilikuwa limepita siku mbili, tena kwa Kiswahili au Kiingereza cha studio, siyo kwa Kipokomo wala Kiorma. Katika hali hiyo mtu wa boda aliyetoka njia ya Witu ndiye gazeti la asubuhi.

Nalisema hili kwa sababu wataalamu wengi wa mambo ya mtandao huwaambia watu "puuzeni uvumi", kana kwamba kuna habari nyingine imekaa mezani inasubiri kusomwa. Palipo na ukimya, uvumi ndio habari. Na kuna jambo gumu zaidi: baadhi ya tetesi za 2012 zilikuwa kweli. Watu walionywa kwa njia ile ile ya mdomo na simu, na waliosikia wakahama walisalimika. Ukimwambia mama aliyeokoka hivyo kwamba asiamini asichokiona kwa macho, atakuona mjinga, na atakuwa na haki.

Kwa hiyo huduma yoyote ya kweli haikuweza kuwa ya kuwanyamazisha watu. Ilibidi iwe ya kuwajibu.

Jinsi ilivyofanya kazi

Shirika la Kanada liitwalo Sentinel Project, ambalo shughuli yake ni kuzuia mauaji ya halaiki, lilishirikiana na kitengo cha utafiti cha iHub ya Nairobi. Walianza 2013 kwa kuzunguka vijijini na kuuliza maswali ya kawaida: unapata habari kwa nani, unamwamini nani, ukisikia jambo la kutisha unafanya nini. Kutokana na majibu hayo huduma ya Una Hakika ikajengwa. Jina walilichukua kwenye swali ambalo kila mmoja wetu huuliza akiletewa maneno.

Ufundi wake ulikuwa mwepesi, na huo ndio uzuri wake. Hukuhitaji simu yenye intaneti. Mtu alijiandikisha bure kwa ujumbe mfupi kwenye nambari fupi, akaeleza anakaa kijiji gani na angependa kujibiwa kwa lugha gani. Aliposikia jambo alilituma kwa ujumbe, au alipiga simu, au alimwambia balozi wa mradi kijijini kwake. Mabalozi hawa walikuwa watu wa kujitolea kutoka jamii zote, waliofundishwa namna ya kupokea tetesi bila kuiongezea chumvi. Ofisini ripoti iliingizwa kwenye programu iitwayo WikiRumours, ambayo ni programu huria, maana yake mtu yeyote anaweza kuichukua na kuitumia. Ilionyesha tetesi ipi imetoka wapi, imesikika vijiji vingapi, na imefikia hatua gani ya kuchunguzwa.

Ushahidi, iliyotengenezwa Januari 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ilikuwa imeshatufundisha kukusanya ripoti za watu na kuziweka kwenye ramani. Tofauti ya Una Hakika ni kwamba ripoti haikuwa mwisho wa safari. Iliulizwa swali, kisha jibu likarudishwa kwa aliyeleta.

Tuchukue mfano wa kubuni ili msomaji aone. Tuseme mama wa Hewani amesikia sokoni Garsen kwamba usiku ng'ombe mia mbili wamevuka pamoja na vijana wenye silaha. Anamwambia balozi, balozi anatuma. Kitu cha kwanza ofisini ni kupima uzito: je, jambo hili likiaminiwa leo jioni, mtu anaweza kufa? Hapa jibu ni ndiyo, basi linapewa nafasi ya mbele kuliko tetesi ya nani atapewa tikiti ya chama. Halafu zinaanza simu. Anapigiwa balozi wa kijiji kilicho karibu na malka hiyo, anapigiwa mzee wa wafugaji, anapigiwa mzee wa wakulima, anaulizwa chifu, anaulizwa polisi. Hakuna anayeaminiwa peke yake, hata chifu, kwa sababu chifu naye ni mtu wa upande fulani. Kufikia saa kumi alasiri picha imekamilika: ng'ombe wapo, ni arobaini, wamevuka kwa makubaliano ya wazee, na wenye fimbo ni wavulana watatu wachungaji. Basi jibu linaandikwa: ng'ombe ni kweli, silaha si kweli, wazee wa pande zote wanajua.

Angalia kwamba jibu hilo si "uongo". Tetesi nyingi za Tana ni za namna hiyo, mbegu ya ukweli iliyovikwa nguo za hofu. Ukimjibu yule mama kwamba ni uongo mtupu, na yeye ng'ombe amewaona kwa macho yake, hatakuuliza tena kitu.

Jambo jingine la busara katika mpango ule ni kwamba jibu lilipelekwa kwa waliohusika na eneo husika, siyo kutangazwa kwa wote. Ukitangaza kwenye redio kwamba "si kweli kwamba Hewani itavamiwa leo", umewapa watu wa Kipini ambao hawakusikia chochote sababu ya kuanza kuogopa. Kukanusha nako ni kusambaza. Hili viongozi wetu bado hawajalielewa; nimeona taarifa za kukanusha zilizokuwa na picha ya ule ule ujumbe mbaya, tena kwa maandishi makubwa kuliko kanusho lenyewe.

Herufi 160 na ng'ombe wa Tana

Wapenzi wa mitambo wanivumilie hapa, maana sehemu hii inanifurahisha.

Ujumbe mfupi wa simu una nafasi ya baiti 140, yaani biti 1,120. Kila herufi ya kawaida inachukua biti 7, ukigawa unapata herufi 160. Ndiyo maana ujumbe mmoja una mipaka hiyo. Kiswahili chetu kina bahati: kinatumia alfabeti isiyo na alama za juu wala za chini, kinaingia vizuri kwenye mfumo ule wa biti 7. Lugha inayohitaji herufi nje ya mfumo huo inalazimu simu kutumia biti 16 kwa kila herufi, na ujumbe unashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Na si herufi hiyo moja tu inayobadilika. Ikiingia moja, ujumbe mzima unahamia huko.

Sasa chukua neno ng'ombe, neno ambalo huwezi kuzungumzia amani ya Tana Delta bila kulitumia. Ukiliandika kwa kile kidole cha juu kilichonyooka, uko salama. Ukinakili maneno kutoka kwenye kompyuta ambayo imekigeuza kikawa kimepinda kama koma iliyopaa, alama hiyo haimo kwenye mfumo wa biti 7, na ujumbe wako wa herufi 160 unaweza kukatwa vipande vitatu. Anayelipa anatozwa mara tatu, na kwenye mtandao dhaifu kipande cha kwanza kinaweza kufika leo na cha pili kikafika kesho. Fikiria kipande cha kwanza kinaishia kwenye "ng'ombe wamevuka usiku na wenye", halafu kimya. Anayetuma ujumbe kwa watu wengi katika eneo la fujo anapaswa kujua mambo madogo kama haya. Kampuni nyingine za kutuma ujumbe hurekebisha alama hiyo zenyewe, lakini usitegemee. Andika mwenyewe, hesabu mwenyewe, tuma kwanza kwenye simu yako ya kitochi uone.

Na Kiswahili ni lugha ya maneno marefu. Kitenzi kimoja chetu kina mtendaji, wakati na mtendwa ndani yake. "Hawajawashambulia" ni neno moja lenye herufi 17, lakini lina habari ya sentensi nzima. Jibu zuri la tetesi ni sentensi mbili: lililo kweli kwanza, lisilo kweli baadaye, na jina la mahali. Salamu na nembo ya mradi vinakula nafasi bure.

Lilipokwama

Sifa zisizidi. Simu katika nyumba nyingi za delta ilikuwa ya baba. Mama ndiye aliyekaa sokoni na kisimani ambako maneno yanapita, lakini ujumbe wa jibu ulifika kwenye mfuko wa mtu aliyekuwa malishoni. Wengine hawakujua kusoma, ndiyo maana mabalozi na simu za sauti vilikuwa na kazi kubwa kuliko ramani ya kompyuta iliyopendwa kwenye mikutano ya Nairobi. Mfugaji akiwa ndani, mbali na mnara wa simu, hana habari ya jibu lolote mpaka arudi.

Kisha kuna gharama. Nambari fupi ya bure si bure. Mtu analipa kila ujumbe unaoingia na unaotoka, na lazima awe na mkataba na kila kampuni ya simu. Fedha za wafadhili zina tarehe ya mwisho, lakini uvumi hauna. Kwa maoni yangu, huduma ya namna hii ilifaa iwe kwenye bajeti ya kaunti kama dawa za kituo cha afya, siyo kwenye mradi wa miaka miwili.

Wazo lenyewe lilisafiri. Watu hao hao wa Sentinel Project walilipeleka mashariki mwa Kongo kwa jina la Kijiji cha Amani, na kwa wakimbizi wa Sudan Kusini walioko Uganda kwa jina la Hagiga Wahid, ambalo kwa Kiarabu cha Juba ni ukweli mmoja. Nikiona majina hayo hujisikia fahari kidogo.

Uvumi umehamia kwenye sauti

Tetesi ya sasa haiji kwa herufi 160. Inakuja kama sauti ya dakika mbili kwenye kundi la familia, ya mtu anayehema, anayesema "jamani, mimi niko hapa hapa". Huyo "mimi" hana jina na "hapa" hapana mahali. Sauti ina nguvu kuliko maandishi kwa sababu tunasikia hofu ya msemaji na lafudhi ya kwetu. Na siku hizi kompyuta inaweza kuiga sauti ya mtu kwa kusikiliza kipande kifupi tu cha maneno yake, kwa hiyo hata sauti ya chifu au ya imamu unayemfahamu haitoshi tena.

WhatsApp yenyewe ilipunguza kasi: tangu Januari 2019 huwezi kusambaza ujumbe kwa zaidi ya makundi au watu watano kwa mara moja, na tangu Aprili 2020 ujumbe uliokwisha pita mikono mingi unakwenda sehemu moja moja, ukiwa na alama ya mishale miwili. Ukiona mishale miwili, jua kwamba aliyekutumia si shahidi. Lakini ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa ufunguo toka simu hadi simu. Hakuna ofisi inayoweza kuuona ukipita na kuujibu. Ni lazima mtu aliye ndani ya kundi autoe nje na kuuliza. Tumerudi kwa balozi wa kijiji, isipokuwa sasa kijiji chake ni kundi.

Kuna mashirika ya kuhakiki habari yanayofanya kazi nzuri, kama PesaCheck na Africa Check. Yanatazama zaidi maneno ya wanasiasa na picha zilizosambaa nchi nzima. Tetesi ya Kipokomo iliyozunguka vijiji vinne jioni ya leo haitafika kwao kabla haijamaliza kazi yake.

Bwawa limepasuka

Mfano unaorudi kila mwaka ni wa mto. Mvua zikinyesha bara, hukosi kusikia kwamba "bwawa limepasuka" au "wamefungulia maji usiku". Mafuriko ya 1997 na 1998, ya 2018, ya 2023 na ya 2024 yametufanya tusiwe na moyo wa kupuuza. Aprili 2024 mashua iliyokuwa ikivusha watu kati ya Madogo na Garissa ilipinduka pale Kona Punda, barabara ikiwa chini ya maji, na picha za mkasa ule ziliingia kwenye kila simu ya pwani. Baada ya hapo nani atakuambia tulia?

Basi ni vizuri kujua mto unavyokwenda. Juu kuna mabwawa matano yanayofuatana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga ndilo la juu kabisa na ndilo ghala kubwa, lilikamilika 1981. Likijaa hadi kimo cha mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari, maji yanayozidi hupita juu na kuteremka kwenye mengine. Hilo ni kujaa na kumwagika, siyo kupasuka, na KenGen, wenye mabwawa, hutoa tangazo. Maji hayo yanafika Garissa, halafu Hola, halafu kwetu Garsen, yakizunguka kona zote za mto na kutanda kwenye mabonde njiani. Kutoka kule juu hadi hapa si safari ya saa, ni ya siku. Ujumbe unaokuambia bwawa limefunguliwa sasa hivi na maji yatafika Garsen baada ya saa mbili hauwezi kuwa kweli, hata kama aliyeurekodi analia.

Lakini, kama wale ng'ombe arobaini, usiishie hapo. Inawezekana Masinga inamwagika kweli, na una siku kadhaa za kuhamisha mahindi, mbuzi na wazee. Anayecheka na kusema ni uvumi tu amekosea kama yule anayepiga kelele.

Msimu uliopita nilitumiwa sauti ya namna hiyo saa tatu usiku na jamaa yangu wa Tarasaa. Nilimpigia mjomba wangu anayeishi Madogo.

"Mjomba, shikamoo. Huko mto ukoje?"

"Marahaba. Umepanda, lakini barabara tunapita. Jana ulikuwa juu kuliko leo."

"Umeuona mwenyewe?"

"Nimetoka huko kuswali magharibi. Kwani kuna nini?"

Simu ile ilichukua dakika moja. Mto ukishuka Madogo leo, kwetu kilele bado kinakuja, kwa hiyo nilimwambia yule jamaa yangu: bwawa halijapasuka, maji ya juzi yako njiani, toa magunia kwenye bonde kesho asubuhi. Alitoa. Maji yalifika siku zilizofuata, yakaingia shambani hadi kwenye migomba, yakakuta bonde tupu.

Maswali niliyomuuliza mjomba ndiyo yale yale ya ofisi ya Una Hakika. Nani ameona kwa macho yake, siyo nani amesema. Mahali gani penye jina. Lini, siku na saa. Picha ikija bila tarehe, tafuta kitu ndani yake kinachobadilika, kama kibao cha duka au rangi ya daraja. Nimewahi kuletewa mafuriko ya 2018 kama ya asubuhi ile. Sauti ikija ya mtu unayemjua, mpigie kwenye nambari uliyonayo siku zote, usijibu pale pale. Idara ya Hali ya Hewa na KenGen wana kurasa zao, Msalaba Mwekundu wana nambari ya bure 1199, na kwa jambo la silaha usisubiri uhakika wako mwenyewe: polisi wapigiwe kwanza 999, maswali yafuate.

Mtu mmoja katika kila kundi la kijiji anatosha kuanza. Awe na nambari za watu watatu walio juu ya mto, watatu wa jamii nyingine, na salio la kupiga. Awe mwanamke ikiwezekana, kwa sababu ya sokoni na kisimani. Sisi kundi letu la watu 84 tumemchagua mwalimu mstaafu wa kike wa Ngao, mwenye simu ya kitochi na nyingine ya skrini. Sheria aliyotuwekea ni kwamba ukileta sauti isiyo na jina wala mahali, anakuandikia maneno mawili tu, na hakuna anayeruhusiwa kuisambaza mpaka umjibu. Wiki ya kwanza vijana walilalamika. Mimi pia niliandikiwa, mara mbili.